Soma Nyasi Kabla Hujashika Jembe

SOMO LA ROBO HII
Kwa matumizi ya vikundi vya sharika, vijana, akina mama na kamati za miradi
Maandiko: Kumbukumbu la Torati 8:7-14



Somo la robo hii tunalianza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, kikundi cha akina mama na vijana katika usharika mmoja wa dayosisi yetu kilituomba miche ya miti. Usharika huo uko jirani na machimbo ya zamani ya dhahabu. Walitaka kupanda juu ya lundo la marudio, yaani ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kutolewa. Nia yao ilikuwa njema kabisa. Kila kiangazi vumbi la lundo hilo liliingia majumbani, visimani, na hata mahali wanapokaa watoto wa Shule ya Jumapili.

Sisi katika ofisi ya miradi tulifurahi. Tulipeleka miche ya migrevillea, mipera na miparachichi, tukaomba, tukapanda, na picha zikapigwa. Kiangazi kilipofika, karibu miche yote ilikuwa imekauka, hata ile iliyomwagiliwa kila jioni.

Maneno yakaanza. Wengine waliwalaumu vijana kwamba ni wavivu. Wengine walisema ardhi ile imelaaniwa kwa sababu ya mambo yaliyotendeka hapo enzi za dhahabu. Ndipo mama mmoja wa kikundi akatuuliza: "Kama ardhi imelaaniwa, mbona ukoka umeota pale pembeni, na hakuna aliyeupanda?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani, tukasoma, tukauliza wataalamu. Somo hili ndilo jibu letu kwa yule mama, na ni somo kwa kila usharika ulio karibu na machimbo.

1. KWA NINI MICHE ILIKUFA

Mmea unahitaji metali kadhaa, lakini kwa kiasi kidogo sana. Shaba na zinki ni kama chumvi katika mboga: kidogo ni lazima, nyingi huharibu chakula. Nyingine, kama risasi na kadimi, mmea hauzihitaji kabisa.

Metali zikizidi, kitu cha kwanza kuumia ni mzizi. Ncha ya mzizi huacha kukua, hivyo mche hushindwa kufikia maji na rutuba iliyo chini. Majani hugeuka manjano kama ya mmea wenye njaa. Ndiyo maana kumwagilia hakukusaidia: maji yalikuwepo, lakini mdomo wa kuyanywea ulikuwa umeungua.

Aidha, marudio hayana mboji, yana rutuba kidogo mno, hushikamana yakikauka, na mara nyingi yana tindikali. Tindikali huzifanya metali nyingi ziyeyuke kwa urahisi zaidi na kuingia katika mizizi. Kwa hiyo vijana hawakuwa wavivu. Sisi ndio tuliopeleka miche bila kuuliza udongo kwanza.

2. JIRANI ZETU WA VILIMA VYA SHABA

Mahali pazuri pa kujifunza jambo hili ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika eneo la Katanga ya zamani. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo kadhaa, na yenye shaba nyingi ni Haut-Katanga na Lualaba. Watu wa huko husema Kiswahili chao, na sisi tumeunganishwa nao tangu zamani. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alijenga utawala wake Bunkeya na kushika biashara ya shaba ya eneo hilo hadi alipouawa mwaka 1891. Leo malori yenye shaba ya Kongo hupita Tunduma yakielekea bandari ya Dar es Salaam.

Kati ya Kolwezi na Lubumbashi kuna vilima zaidi ya mia moja ambavyo miamba yake ina shaba na kobalti. Ukisafiri humo utaona msitu wa miombo umetanda pande zote. Halafu ghafla kinatokea kilima kisicho na miti, kimevaa nyasi na maua tu. Mgeni anaweza kudhani watu wamekata miti au wamechoma mkaa. Sivyo. Miombo imesimama pale shaba ilipozidi. Katika udongo wa kawaida shaba kwa kawaida haifiki miligramu 50 kwa kilo moja ya udongo. Katika vilima hivi hupita 1,000, na mahali pengine hupita 10,000.

Hata nyasi zenyewe zimepangana. Chini, shaba inapoanza kuongezeka, miti hupungua na nyasi ndefu huchukua nafasi. Juu zaidi hubaki nyasi fupi na mimea midogo inayoishi msimu mmoja. Kwenye mawe hukaa mimea inayoweza kukauka kabisa na kuamka tena mvua ikinyesha. Anayejua kusoma anaweza kupanda kilima hicho akisoma udongo kwa macho, hatua kwa hatua.

Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vilima hivyo. Zaidi ya aina 30 kati ya hizo hazijaonekana mahali pengine popote duniani ila kwenye udongo wa shaba na kobalti wa eneo hilo. Mmoja ni Crotalaria cobalticola, ndugu wa marejea ambayo wakulima wetu hupanda kurutubisha mashamba. Mmea mwingine unaoota kwenye udongo wa shaba ni Haumaniastrum katangense, wa jamii moja na mrehani, ambao huitwa ua la shaba. Mmea huu huota hata mahali ambapo watu wa kale walikuwa na matanuru ya kuyeyushia shaba. Wachunguzi wa mambo ya kale waliufuata na kugundua matanuru yaliyosahauliwa karne nyingi. Shaba ya wahunzi hao ilimiminwa kuwa vipande vyenye umbo la msalaba vilivyotumika kama fedha, kabla ya kufika kwa mmisionari yeyote.

Upande wa Zambia, watafuta madini wa miaka ya 1950 walifuata ua jingine la jamii ya mrehani, ambalo leo huitwa Ocimum centraliafricanum. Lakini baadaye ilionekana kwamba ua hilo huota pia mahali pasipo na shaba nyingi. Tukumbuke jambo hili tunapoendelea: mmea ni ishara, si hukumu. Ishara hutufanya tuulize, na kipimo ndicho kinachojibu.

3. MIMEA HII INAISHIJE?

Kwa lugha nyepesi, kuna njia mbili.

a) Kufunga mlango. Mimea mingi ya udongo wa metali, hasa nyasi, huzuia metali zisipande juu. Huzishikilia ndani au karibu na mizizi, na majani hubaki na kiasi kidogo.

b) Kubeba mzigo. Mimea michache huruhusu metali zipande hadi kwenye majani na kuzihifadhi humo bila kudhurika. Mimea ya namna hii inajulikana zaidi kwenye udongo wenye nikeli.

Zamani iliandikwa kwamba Katanga kuna mimea mingi inayobeba shaba kwa wingi wa ajabu. Lakini katika miaka ya 2000 wachunguzi walirudia kazi hiyo kwa uangalifu zaidi, na ikaonekana kwamba sehemu ya ile shaba haikuwa ndani ya jani. Ilikuwa vumbi lililoganda juu yake!

Hapa tunapata mafundisho mawili. Kwanza, tusidanganyike na mtu anayeuza miche akidai kwamba itanyonya sumu yote ya udongo kwa misimu miwili. Kwa shaba na risasi kazi hiyo ingechukua muda mrefu mno, na bado tungebaki na majani yenye sumu ya kutupa. Pili, kama vumbi liliweza kuwadanganya wataalamu wenye maabara, je, mchicha unaouzwa kando ya karasha la kusagia mawe?

4. NYUMBANI KWA BABA YAKE LUTHER

Sisi Walutheri tuna sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Martin Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, mwaka 1483. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Mansfeld, ambako baba yake, Hans, aliingia katika kazi ya kuchimba na kuyeyusha shaba. Mwanamatengenezo wetu alilelewa katika mji wa wachimbaji, na ada yake ya shule ilitoka katika shaba.

Uchimbaji katika eneo hilo ulidumu takriban miaka 800, ukakoma mwaka 1990. Marundo ya mawe yaliyoachwa na vizazi vyote hivyo bado yapo. Juu ya mengi yake kuna majani mafupi na ua dogo jeupe, Minuartia verna, ambalo Wajerumani hulipa jina lenye maana ya "ua dogo la shaba". Miti ya kawaida hupata shida kuota hapo. Tangu mwaka 1992 sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda makazi ya viumbe imeziorodhesha nyasi za udongo wa metali kati ya makazi yanayopaswa kulindwa. Lile ambalo mtu angeliita jalala, wao wamejifunza kuliheshimu: ni hifadhi ya mimea isiyopatikana kwingine, na ni kifuniko cha sumu iliyo chini.

5. NYASI ZIKIONDOKA

Turudi Kongo tuone upande wa huzuni. Tanuru kubwa la shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulipelekwa na upepo upande wa kaskazini magharibi, ukiangusha metali na tindikali juu ya ardhi. Hapa si kilima cha shaba alichokiumba Mungu na kukivika mavazi yake taratibu. Ni ardhi ya kawaida iliyomwagiwa metali kwa muda mfupi. Miombo ilikufa, mvua ikasomba udongo wa juu, na ardhi ikabaki uchi. Baadaye mji ulikua na watu wakajenga humo humo. Uchunguzi umekuta metali kupita kiasi katika mboga za majani za baadhi ya bustani za mji huo, mboga ambazo wenyeji huziita lengalenga na ambazo sisi tunaziita mchicha.

Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na matanuru ya Katanga. Kobalti ilikuwa juu sana, na watoto ndio walioathirika zaidi. Mwaka 2018 walitoa taarifa nyingine kuhusu Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya makazi yao. Vumbi la nyumba lilikuwa na kobalti nyingi, na miili ya watoto pia. Sababu si ngumu kuielewa. Mtoto hucheza chini, hutia mikono mdomoni, na mwili wake ni mdogo.

Vilevile mimea ya vilima inapotea, kwa sababu mahali inapoishi ndipo penye shaba na kobalti ambazo dunia inazitaka kwa nyaya na betri. Katika eneo la Tenke na Fungurume wataalamu wamekuwa wakikusanya mbegu na kuhamisha udongo wa juu pamoja na mimea yake kabla ya kilima kuchimbwa. Ni kazi njema, lakini kilima chenyewe hakirudi.

Matumaini pia yapo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walichukua nyasi fupi za vilima vya shaba, Microchloa altera, na kuzijaribu kwenye udongo ulioharibiwa na moshi wa tanuru, wakiongeza mboji na chokaa. Chokaa hupunguza tindikali, hivyo metali hukaa zimetulia. Mboji huzishika na kuwapa mizizi chakula. Nyasi huushika udongo usipeperuke wala kusombwa. Angalieni vizuri: sumu haijaondolewa, imefungiwa pale ilipo ili isiwafikie watoto.

6. SASA TUFANYE NINI?

Kutokana na hayo, tunapendekeza kila kamati ya mradi ifuate hatua hizi:

i) Tembeeni kabla ya kuchimba. Zungukeni eneo lote pamoja na wazee. Ni wapi hapaoti kitu? Ni wapi kuna aina moja tu ya majani? Linganisheni na ardhi ya nje ya eneo hilo. Kumbukeni kwamba upara unaweza kuletwa pia na chumvi, maji kutuama au mifugo kuzidi.

ii) Pimeni udongo. Chukueni udongo kidogo mahali kumi hadi kumi na tano, kina cha sentimita 20, mchanganye na kutoa kilo moja. Tumieni ndoo safi ya plastiki. Msitumie ndoo ya bati, kwa sababu bati lina zinki na litaharibu kipimo. Ulizeni maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma. Ombeni kipimo cha tindikali pamoja na metali nzito, maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi metali zote.

iii) Msipande chakula juu ya marudio. Mchicha, matembele na mboga nyingine za majani zisipandwe hapo. Kuosha mboga kwa maji safi huondoa vumbi, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani.

iv) Funikeni kwa nyasi za pale pale. Majani yaliyoota yenyewe pembeni mwa lundo yameshafaulu mtihani ambao miche yetu ilishindwa. Chukueni vipando vyake mwanzoni mwa mvua, mpande kwa mistari inayokata mteremko, mkiongeza mboji, na chokaa kama kipimo kinaonyesha tindikali. Ukoka usipelekwe shambani, maana kila mkulima anaujua ukali wake huko.

v) Msichunge wala kuchoma. Mbuzi hula majani pamoja na vumbi na udongo, na moto hurudisha ardhi uchi.

vi) Mgodi mpya ukija, ombeni udongo wa juu utengwe. Udongo huo una mbegu za mahali hapo. Ukizikwa chini ya mawe haupatikani tena.

vii) Msidhani nyasi zinaponya zebaki. Anayechoma dhahabu kwa zebaki jikoni anawavutisha mvuke wa sumu watoto wake, na hakuna jani litakalowakinga. Jambo hilo ni la kuacha, si la kufunika.

Kikundi chetu kilifuata njia hii baada ya majibu ya maabara kuonyesha tindikali kali. Akina mama walihamisha ukoka kutoka pembeni, mstari kwa mstari. Baada ya misimu miwili ya mvua upande wa juu umefunikwa. Upande wa chini, ambako maji hutuama, bado ni upara na tunaendelea kujaribu. Vumbi limepungua ingawa halijaisha. Watoto wa Shule ya Jumapili wamehamishiwa upande mwingine wa kanisa, na uamuzi huo haukuhitaji fedha ya mfadhili.

7. NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI?

Katika Kumbukumbu la Torati 8:7-14 Musa anawaeleza Waisraeli nchi njema wanayoingia. Anataja maji, nafaka, matunda na asali, na katika orodha hiyo hiyo anataja chuma katika mawe na shaba katika vilima. Kwa hiyo madini si laana. Ni zawadi, sawa na ngano na maji. Lakini mara baada ya orodha hiyo linakuja onyo: mtu akishashiba, akajenga nyumba nzuri, fedha na dhahabu yake ikaongezeka, asiinue moyo akamsahau Bwana. Hatari haikuwa ndani ya kilima. Ilikuwa ndani ya moyo wa anayekichimba.

Tulipoiita ardhi ile "imelaaniwa", tulimsingizia Mungu jambo lililofanywa na watu. Yeye alikuwa ameanza kuifunika tayari, kwa ukoka ambao sisi tuliuruka tukibeba miche yetu. Yule mama aliuona kwa sababu alitazama kabla ya kupanda.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Je, katika mtaa wenu kuna mahali pasipoota kitu, au panapoota aina moja tu ya majani? Wazee wanasema nini kuhusu historia ya mahali hapo?
2. Watoto wenu wanacheza wapi wakati wa kiangazi, na vumbi linatoka upande gani?
3. Ni nani hulima mboga karibu na machimbo au karasha? Mtazungumza naye vipi bila kumwaibisha wala kumnyima riziki?
4. Someni tena Kumbukumbu la Torati 8:7-14. Je, ni nini tumekisahau tangu madini yalipopatikana kwetu?
5. Chagueni jambo moja mtakaloanza nalo kabla ya mvua zijazo. Mpangieni mtu na tarehe.

Sharika zitakazotembelea maeneo yao na kuandika walichokiona zitume taarifa ofisini kupitia kwa wachungaji wao. Tutasaidia kupeleka udongo maabara, tukianza na sharika zenye shule au kisima karibu na machimbo.